Uzi Usio na Kazi

Mtaa mzima ulikuwa ukihama kila mchana, na watu walishazoea hata hawakuuliza tena. Jua likifika utosini, king'ora cha tangi kinalia, wiii, wiii, wiii, na kila mwenye miguu anatoka kwenda uwanja wa mpira. Mwanzoni walitoka mbio wakipigana vikumbo, na mwingine alitoka na povu la sabuni kichwani. Lakini mtu hawezi kuogopa kila siku saa ile ile, jamani, hofu nayo inachoka. Wakaanza kutoka na mikeka. Halafu wakatoka na sufuria. Mama mmoja akawa anabandika chakula mapema makusudi, ili king'ora kikilia kiwe kimeiva, na fundi cherehani akahamishia cherehani yake kabisa nyuma ya goli, akidai wateja wanampata pale kwa uhakika zaidi kuliko dukani.

Tangi lenyewe lilikaa juu ya kilima, kubwa, la zege, limebeba maji ya mji, na nyumba za mtaa zimepangana chini yake. Ukuta wake ulikuwa umezeeka. Ndiyo maana ofisi ya maji ikauzungushia uzi wa kioo, kama mshipi kiunoni. Uzi wenyewe ni mwembamba kama unywele, na ndani yake unapita mwanga. Ukuta ukivimba, uzi unavutika, mwanga unabadilika, mashine iliyoko ofisini inaona, na uvimbe ukizidi king'ora kinalia. Kazi safi kabisa. Shida ni kwamba uzi ule haubadilishwi na ukuta peke yake. Jua likiuchoma, mwanga unabadilika vilevile, na mashine, maskini, haijui kutofautisha uzito na joto. Kwa hiyo kila mchana ilikuwa inaliona jua na kupiga mayowe kwamba ukuta unapasuka.

Mtaa ulimlaumu fundi wa nyuzi, mtu wa makamo mwenye mikono mitulivu na maneno machache, na yeye hakujitetea, maana angeanzia wapi? Kosa lilikuwa la bosi wake. Bosi huyu watu walimwita Bwana Shughuli, na jina lilimkaa barabara. Hakuna alichokichukia duniani kama kitu kilichokaa bure. Aliuona mtungi wa zimamoto umening'inia ukutani haufanyi chochote, akauteremsha uzuie mlango usijifunge. Tairi la akiba la gari la ofisi alilifanya kiti cha karani wa mapokezi. Bomba la kufurikia la tangi, lile la kutolea maji yakizidi, lilikuwa halijatoa tone kwa miaka. Akalijaza udongo, likapandwa maua. Mlinzi wa getini alipewa ufagio, kwa sababu, bosi alisema, macho yanalinda lakini mikono imelala. Na kitufe chekundu cha kuwashia king'ora kwa mkono, kwa vile hakuna aliyewahi kukibonyeza, kilihamishwa kikawa cha kengele ya mlango wa ofisi yake.

Sasa mtu kama huyo ndiye aliyeletewa na fundi oda ya nyuzi mbili: mmoja wa kugundishwa ukutani, na wa pili wa kulazwa tu pembeni yake.

"Wa kulazwa?" Bwana Shughuli alitoa macho. "Ulale, hapa, kwangu?"

Akapiga mstari juu ya uzi wa pili, na mambo yakawa hayo niliyokwisha kuyasema.

Fundi hakuogopa kufukuzwa kazi. Kilichomnyima raha kilikuwa nyumbani. Nyumba yake ndiyo ya kwanza kabisa chini ya tangi, ukuta ukiachia maji yanaingia sebuleni kwake kabla hayajasalimiana na mtu mwingine. Humo ndani alikaa yeye, mkewe ambaye ni msusi, mama mkwe, na shemeji. Na mama mkwe alikuwa ameapa kwamba king'ora kile hakitamtoa nje tena.

"Nimekimbia vya kutosha," alisema, amekaa kwenye kiti chake cha mkono, mkoba mapajani. "Magoti yangu haya si ya kuchezewa na mashine. Kilie mpaka kikauke sauti."

"Mama, na kikilia cha kweli?" fundi aliuliza kwa adabu yote.

"Nitajua."

"Utajuaje, mama?"

Mama mkwe akanyoosha kidole kwenye kochi. Kwenye kochi, kama kawaida, amelala shemeji.

Hapa inabidi nimweleze shemeji, ingawa hana maelezo marefu. Alikuwa mtu mzima mwenye afya njema, ndugu wa pekee wa mke wa fundi, aliyekuja kukaa siku chache mpaka mambo yake yakae sawa. Mambo yake hayakuwa na haraka. Alikula alichopewa, akashukuru vizuri, akalala. Hakuwa mkorofi, hakuwa mlevi, hakusema uongo. Hakufanya kitu tu. King'ora kilipoanza enzi zile za kupigana vikumbo, nyumba nzima ilimruka kochini kutafuta mlango, na yeye aligeuza shingo kidogo, akasema "haya, mfike salama," akaendelea.

"Mimi kipimo changu ni huyu," mama mkwe alisema. "Nyie wote mnatoka mbio, yeye hageuki hata ubavu. Na kila siku anayepatia ni yeye. Siku nitakayomwona mwanangu huyu anakimbia, na mimi nitakimbia. Kabla ya hapo usinisumbue, baba."

Mke wa fundi alicheka mpaka akashika mlango. Fundi hakucheka. Alimpenda mama mkwe wake, tena sana. Ndiye aliyemuuguza siku alizolala hoi bin taabani na homa, ndiye aliyemtetea alipotaka kuoa bila kuwa na mbele wala nyuma. Kumwona amekaa pale chini ya maji yale yote, akimtegemea mtu anayekoroma, kulimchoma rohoni. Akaamua liwalo na liwe, king'ora lazima kiache uongo, ili siku ya ukweli mama huyu akiamini.

Bahati ikawa kwenye rola iliyokuwa stoo kulibaki uzi wa kutosha kulizunguka tangi. Fundi akaupitisha ndani ya mpira mwembamba, akaulaza kandokando ya ule wa kwanza, umelegea, haushikwi na gundi wala hauvutwi na kitu. Juu yake akarudisha kifuniko cha bati kama mwanzo. Ukuta uvimbe usivimbe, huu haujali. Lakini jua likiwaka, unachomeka sawasawa na mwenzake. Basi mashine ikafundishwa hesabu ndogo: chukua unachosema uzi wa kazi, toa unachosema uzi uliolala, kinachobaki ndicho unachosikia ukuta. Hiyo tu. Joto linajifuta lenyewe.

Mchana wa kesho yake jua likafika utosini na king'ora kikanyamaza. Watu walisimama milangoni na sufuria zao, wakitazamana. Wengine walikwenda uwanjani hivyohivyo, kwa mazoea. Fundi cherehani alilalamika kwamba biashara imeingiliwa. Lakini kwenye skrini ya mashine mstari ulikuwa unapanda taratibu tangi likijazwa na kushuka taratibu likitumika, unapanda, unashuka, kama mtu anayepumua usingizini. Fundi aliutazama mpaka chai yake ikapoa.

Angeishia hapo tungemaliza na sisi. Lakini mtu akifurahi mdomo unamponyoka. Bwana Shughuli alikuja kumpongeza, akamshika bega, akauliza umefanyaje, na fundi, kichwa kimemvimba kidogo, akaeleza.

"Ni kama shemeji yangu, bosi. Anaishi nyumba moja na sisi. Joto la nyumba analipata lote kama sisi. Lakini mzigo wa nyumba hana hata mmoja. Sasa mimi nikirudi nimechoka, nitajuaje ni kazi au ni joto tu? Namtazama yeye. Kama na yeye amelowa jasho, ni joto. Uzi wa pili ndiyo huyo shemeji."

Tabasamu la Bwana Shughuli lilikufa polepole.

"Kwa hiyo," alisema, "kule juu, kwenye tangi langu, kuna uzi umelala."

"Umelala ndiyo, bosi. Kulala ndiyo kazi yake."

"Na mwenzake anavutika peke yake mchana kutwa, huyu anamwangalia?"

"Ukivutika na huo, bosi, hesabu inakufa. Lazima ulegee."

"Na huyo shemeji naye yupo kweli, au ni mfano?"

"Yupo," fundi akasema, na hapo ndipo alipoteleza, maana mkewe alikuwa amemkalia kooni wiki nzima amtafutie kaka yake kazi. "Tena kama kuna nafasi yoyote, bosi..."

"Mlete," Bwana Shughuli alisema. "Nina kazi inayomfaa kabisa."

Shemeji alipelekwa asubuhi iliyofuata, amepigwa pasi mpaka soksi. Fundi hakuwepo kuona alichopewa kufanya, kwa sababu alipambazukiwa na jino. Shavu lilivimba likafunga jicho, akalala chumbani siku kadhaa akiguna kwa kila mtu. Alichokisikia kutoka kitandani kilimpa faraja: king'ora kimya, na shemeji akirudi kila jioni na gundi vidoleni, anakula bila kusema, analala kama gogo. Mkewe alilia kwa furaha. Mama mkwe hakulia. Alikuwa akilitazama kochi lililo wazi mchana kutwa, akahamisha kiti chake, akakirudisha.

"Nyumba imekaa vibaya," alisema. "Sijui hata kama kuna joto."

Jino liliponyamaza fundi akarudi kazini, na nusura apigiwe makofi. Bwana Shughuli alimvuta mkono mpaka mbele ya mashine.

"Ona! Ona kazi ya watu!"

Mstari kwenye skrini ulikuwa umenyooka kama umepigwa rula. Haupandi, haushuki.

"Ukuta umetulia kabisa," bosi alisema, macho yanamng'aa. "Hausikii chochote. Tumejaza tangi, hausikii. Tumezidisha, hausikii. Ukuta wa hivi ulikuwa unatudanganya tu, ulikuwa na nguvu ya bure imekaa humo ndani! Nimeamuru wajaze mpaka mdomoni. Tangu juzi unabeba maji ambayo haujapata kuyabeba, na tazama, hata haugutuki."

Fundi alifurahi. Ndiyo, alifurahi, msinitazame hivyo. Mtu aliyetoka kuumwa jino hufurahia chochote. Alifurahi kwa muda wa kuvuta kiti na kukaa. Halafu akasikia pampu inanguruma, tangi linaongezwa maji hivi sasa, na mstari ule haujatikisika hata kwa adabu. Hakuna tangi duniani linalojazwa lisivimbe hata chembe. Mtu anayelala anapumua. Asiyepumua si kwamba ametulia.

"Bosi, shemeji yangu mlimpa kazi gani?"

"Ya kuunganisha," Bwana Shughuli akasema kwa fahari. "Nimempa yule mvivu amshughulikie mvivu mwenzake. Ameufanyia uzi ule kazi ambayo sijaona tangu nizaliwe."

Fundi alipanda kilima bila kujua alivyopanda. Shemeji alikuwa juu ya ngazi ya tangi, amekaa kwenye ubao kivulini, chupa ya chai pembeni, na alipomwona shemejiye akasimama kumlaki kama mwenye nyumba. Akainua kifuniko cha bati. Toba! Mpira mwembamba ulikuwa umetupwa, na uzi uliolala haukulala tena. Ulikuwa umevutwa ukakaza, ukagundishwa ukutani sambamba na mwenzake, gundi nyororo, imepanguswa, imenyooka, hakuna tone lililopotea. Kazi ya kwanza ya mikono ya mtu yule, na ilikuwa nzuri kweli.

"Nimeubana vizuri, shemeji," alisema kwa aibu kidogo. "Hautatikisika milele."

Hesabu ikajipanga yenyewe kichwani mwa fundi. Nyuzi zote mbili sasa zinasikia joto, zote mbili zinasikia uzito, zinasema neno moja, na mashine inalitoa neno kwenye neno hilohilo. Kinachobaki ni sifuri. Ukuta upasuke katikati, mashine itasema sifuri. Na akiwa bado anashikilia bati mkononi aliona chini kidogo, kwenye zege, mstari wa maji. Ulikuwa mwembamba. Alipougusa, chembe ya zege ilidondoka na maji yakatoka yakimfuata kidole.

"Shemeji," alisema. "Tangi linaachia."

"Linaachia nini?"

"Maji! Linapasuka! Mama yuko chini!"

Akateremka kwa kuruka ngazi. Alikimbilia ofisini, akapita karani aliyekaa juu ya tairi, akaruka mtungi wa zimamoto, akakibonyeza kitufe chekundu kwa kiganja chote.

Ding-dong.

"Ingia!" Bwana Shughuli akaitika kutoka ndani, kwa furaha.

Fundi akabonyeza tena. Ding-dong. "Karibu, ingia!" Ding-dong, ding-dong. "Si nimesema ingia, mlango uko wazi!" Jamani! Fundi alikaribia kukiuma kile kitufe. Alimpigia kelele mlinzi azime pampu, na mlinzi, ufagio mkononi, akakimbia kuizima. Lakini maji yaliyokwisha kuingia yameingia, na bomba la kufurikia limejaa maua.

Akarudi juu, pumzi hana. King'ora kinaisikiliza mashine, na mashine inazisikiliza nyuzi. Basi lazima nyuzi zitofautiane, hata kwa uongo. Aupashe mmoja joto, mwingine auache. Lakini zimegundishwa pamoja kama mapacha mgongoni, ukiupasha mmoja umezipasha zote. Akazunguka tangi akitafuta pa kuanzia, anapapasa gundi, gundi nzuri, gundi kila mahali, mpaka akamaliza karibu mzunguko mzima.

"Unatafuta pale?" shemeji akauliza nyuma yake.

"Pale wapi?"

Shemeji akajikuna shingo. "Pale mwisho sikumalizia. Usingizi ulinipitia."

Na kweli, mwishoni kabisa, karibu na ubao wenye kivuli, kilikuwepo kipande kama cha urefu wa mkono ambacho uzi wa pili ulikuwa unaning'inia huru, haujaguswa. Fundi alimkumbatia shemeji akambusu shavuni. Halafu akauvuta uzi ule mbali na ukuta, akanyakua chupa ya chai, akaumwagia uzi wa kazi chai yote, ya moto, yenye maziwa na sukari.

Wiiii. Wiiii. Wiiii.

Mtaa ulisikia. Hakuna aliyetoka mbio. Walikuwa wamekikosa king'ora chao, wakatoka wakicheka, na mikeka na sufuria, wakiulizana kwa nini leo kimechelewa kulia. Fundi cherehani alibeba cherehani yake mgongoni akiimba. Hakuna aliyeamini kuna hatari na hakuna aliyebaki ndani, hebu niambie mtu atayapanga vipi mambo ya namna hiyo. Wote walikwenda uwanjani kama watu wanaokwenda kula. Wote, isipokuwa mmoja.

Fundi alimkuta kwenye kiti chake cha mkono, mkoba mapajani. Mkewe amepiga magoti mbele yake, machozi yanamtoka, mikono bado ina mafuta ya nywele za mteja.

"Mama, ni kweli leo," fundi alisema. "Nimeliona kwa macho. Twende."

"Uliliona kwa macho na mara ya kwanza."

"Ile ilikuwa jua, mama! Hii ni ukuta!"

"Na mashine inasemaje?"

Angemwambia nini? Kwamba mashine inasema sifuri, na hicho kinacholia ni chai ya maziwa?

"Nakuamini wewe, baba," mama mkwe akasema kwa upole, na upole ule ndio uliomuumiza zaidi. "Kwenye mambo yote nakuamini. Ila kwenye hiki king'ora ulinitoa nje mara nyingi mno mpaka imani ikaniishia. Ningemtazama mwanangu, lakini kochi lenyewe ndilo hilo, tupu. Mmemtafutia kazi. Sasa mimi nimtazame nani?"

Juu kilimani kitu kililia, kirefu, kama mlango mzito unaosukumwa. Fundi alinyoosha mikono ambebe akairudisha. Nani amewahi kumbeba mama mkwe wake? Akasema moyoni kwamba leo atambeba, mama amlaani baadaye, na mama mkwe akayashika maegemeo ya kiti kwa mikono yote miwili.

"Usithubutu," alisema.

Hapo mlango ukapigwa teke.

Alisimama shemeji. Kiatu kimoja mguuni, kingine hakipo. Shati limetoka nje ya suruali, jasho linachuruzika mpaka kidevuni, kifua kinapanda na kushuka, na hawezi hata kusema, anaonyesha tu kwa mkono kule nyuma, kule juu. Alikuwa ameteremka kilima chote, amekatiza mashamba ya watu, na nyuma yake vumbi lilikuwa halijatua bado.

Mama mkwe akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye ule mguu mtupu.

"Umekimbia?" aliuliza.

"Nime... nimekimbia, mama."

"Wewe?"

"Mimi, mama."

Mama mkwe akasimama. Hakuuliza neno la tatu. Alitundika mkoba begani, akapita katikati yao, akatoka nje, na yale magoti yasiyo ya kuchezewa yakakata njia ya uwanjani kwa kasi hata bintiye akawa anamwita amsubiri. Fundi alifunga mlango nyuma yao, kwa mazoea tu, akaufunga kwa funguo.

Walikuwa hawajafika kwenye goli ukuta ulipoachia. Sauti yake sitaieleza, waliokuwepo hawapendi kuikumbuka. Maji yalishuka kilima na maua yake, yakaupiga ule mlango uliofungwa vizuri kwa funguo, yakaingia nyumba hadi nyumba, yakatokea upande wa pili na makabati, masufuria, kuku, na kochi. Uwanjani watu walisimama na vijiko mkononi. Watoto walihesabiwa, wazee wakahesabiwa, majirani wakaitana kwa sauti mpaka ikawa hakuna wa kuitwa. Hakuna aliyepotea. Ndipo kicheko kilipokatika na watu wakaanza kulia, mmoja baada ya mwingine, wameshika mikeka yao.

Bwana Shughuli alifika amelowa mpaka kiunoni, kitufe chekundu mkononi na nyaya zake zinaning'inia. Aliyatazama maji yanavyotelemka mtaani.

"Angalau," alisema, "yameosha barabara."

Siku zile zilizofuata, watu walipohamia uwanjani moja kwa moja kwenye maturubai, hakumpa mtu amri yoyote. Alionekana asubuhi moja akiling'oa tairi chini ya karani na kulirudisha garini kwa mikono yake mwenyewe.

Aliyebaki na shida alikuwa mama mkwe. Alikaa kwenye mkeka wake amejiegemeza kwenye nguzo ya goli, macho makavu, mkoba mapajani. Sufuria ikianguka anashtuka. Mlango wa gari ukigongwa anasimama. Hajafumba jicho tangu siku ile, chakula anakigusa tu. Fundi alimweleza kwamba tangi halipo tena, mama, hakuna maji kule juu hata ya kunawa. Akaitika kwa kichwa, akaendelea kukitazama kilima. Na alipochoka kukitazama kilima alimtazama mwanawe, na hapo ndipo hali yake ilipozidi, maana shemeji alikuwa hakai. Aibu ya gundi yake ilikuwa imemwingia mwilini. Alichimba mitaro, alibeba magodoro, alisimamisha maturubai ya watu asiowajua, alipita mbio na ndoo, alirudi mbio na ndoo. Kila alipopita mbio, mama yake alishika mkoba.

Fundi alikaa kando akaona hivyo, mara ya kwanza, mara ya pili. Halafu akainuka akaenda kutafuta kochi. Alilikuta limekwama kwenye ua wa shule, limejaa tope, mguu mmoja hauna. Wakalibeba yeye na fundi cherehani, wakaliosha, wakaliweka juani mpaka likakauka, wakaliwekea tofali palipokosa mguu. Akaliweka pale pale, mbele ya mkeka wa mama mkwe, chini ya turubai. Kisha akamfuata shemeji mtaroni.

"Shemeji, tua sepetu."

"Bado hapa, shemeji. Nimalizie hapa na pale."

"Nakuomba. Njoo ulale."

Shemeji akamtazama kama aliyetukanwa. "Mchana huu? Watu wote wanafanya kazi, mimi nilale? Baada ya niliyoyafanya?"

"Mama hajalala," fundi alisema. "Anakutazama wewe. Nakuomba, shemeji yangu, nakupigia magoti, kalale. Hakuna mwingine anayeiweza kazi hiyo."

Shemeji akaiegemeza sepetu ukingoni, akanawa miguu, akaenda. Alikaa kwanza pembeni ya kochi, kwa wasiwasi, kama mgeni. Akajinyoosha kidogo. Jua lilikuwa utosini, joto limejaa chini ya turubai, na jasho likaanza kumtoka kama lilivyowatoka wote. Akageuka ubavu. Baada ya muda akaanza kukoroma.

Mama mkwe alimtazama kwa muda mrefu. Mkono mmoja uliachia mkoba, halafu na wa pili. Akaushusha chini, akaukunjakunja ukawa kama mto, akajilaza juu ya mkeka wake akimwelekea mwanawe.

"Kumbe ni joto tu," alisema, akafumba macho.